Kodi, kazi na SHA: maswali yanayoulizwa mara kwa mara barazani kuelekea Agosti 2027

Mombasa, kati ya magharibi na isha, kila baraza huwa na bunge lake. Kahawa inamiminwa, kashata zinapita, na mwaka wa kura ukikaribia mazungumzo hayana safari nyingine: kodi, kazi, hospitali na SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya. Haya ni maswali yanayorudi tena na tena katika baraza letu, na mengine tuliyoletewa na vikundi vya akina mama. Nimeyajibu kwa viwango vya sheria vya mwaka 2025. Simpigii debe mgombea yeyote, ijapokuwa mwenye macho ataona ninapokereka.

Kura ni lini hasa, na mbona kelele zimeanza mapema?

Jumanne 10 Agosti 2027. Katiba inasema Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Utapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti. Kelele zimeanza mapema kwa sababu ya Juni 2024, vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, ule unaopanga kodi za kila mwaka, wengine wakauawa, na hasira ile haijawahi kupoa kabisa.

Mshahara wangu ni elfu hamsini. Mbona mkononi napata thelathini na tisa?

Hili huulizwa na vijana wanaoajiriwa mara ya kwanza, na mara nyingi wanadhani wameibiwa na mhasibu. Tufuate hati ya mshahara mstari kwa mstari.

Jumla ni 50,000. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, huchukua asilimia 6, yaani 3,000. SHIF, mchango wa bima ya afya, asilimia 2.75, yaani 1,375. Tozo ya nyumba, ya kujenga nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, yaani 750. Zikitoka hizo zinabaki 44,875, na hapo ndipo KRA, mamlaka ya kodi, inapoanza hesabu yake. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, nayo ni 2,400. Zinazofuata 8,333 hutozwa asilimia 25: 2,083. Zilizosalia 12,542 hutozwa asilimia 30: 3,763. Ukijumlisha ni 8,246. Kisha kila mlipaji kodi ana nafuu ya 2,400 kwa mwezi, kwa hivyo PAYE yako, yaani kodi ya mshahara, ni 5,846. Mkononi unabaki na 39,029.

Mambo mawili hapo hayasemwi vya kutosha. La kwanza, makato yote si kodi. Zile 3,000 za NSSF ni akiba yako, na mwajiri wako anatakiwa aongeze 3,000 nyingine. Hakikisha anazipeleka, maana wapo waajiri wanaokata na kukalia. Tozo ya nyumba nayo mwajiri huongeza 750 zake. SHIF haongezi hata ndururu. La pili, mpaka mwishoni mwa 2024 kodi ilikuwa ikihesabiwa hata juu ya pesa za SHIF na tozo ya nyumba, ambazo wewe hukuzishika. Sheria ya Desemba 2024 ndiyo iliyoziondoa kwenye hesabu. Kwa hiyo anayekuambia kelele za wananchi hazijawahi kubadilisha chochote, mwonyeshe mstari huo.

Mimi nauza viazi karai, sina mwajiri. Silipi kodi, sivyo?

Unalipa, tena kila siku. Mafuta ya kukaangia yana VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Petroli ya bodaboda iliyokuletea viazi sokoni ilipandishiwa VAT kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na ndiyo maana tarehe 14 ya kila mwezi, EPRA, mamlaka ya nishati, inapotangaza bei mpya, nauli hubadilika hata kwa asiyekuwa na gari. Vocha ya simu ina ushuru. Kaunti nayo inakutaka kibali cha biashara. Mauzo yako ya mwaka yakivuka milioni moja, kuna kodi ya asilimia 3 ya mauzo. Mauzo, si faida. Hapo ndipo wafanyabiashara wadogo wanapolia, na mimi nawaunga mkono, kwani kodi inayotoza mauzo haiulizi kama umepata au umekula hasara.

Unga wa sembe na mkate havina VAT. Mswada wa 2024 ulitaka kuutia mkate ndani, na huo mkate uliwaamsha watu wengi ambao hawajawahi kusoma mswada maishani mwao.

Nikituma elfu moja kwa M-Pesa, serikali inakata asilimia 15 ya ile elfu?

La. Ushuru wa asilimia 15 ni wa ada ya kutuma, si wa pesa unazotuma. Uvumi huu huenezwa kila mwaka wa kura. Tanzania ndiko walikowahi kupandisha tozo kulingana na kiasi kinachotumwa, Julai 2021, na wananchi wakapiga kelele mpaka ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba hiyo hiyo.

Nani hasa anapandisha kodi? Rais, mbunge au gavana?

Kodi ya mapato, VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa ni mali ya serikali ya kitaifa peke yake. Kaunti zina kodi za ardhi na majengo, burudani, na ada za huduma zao kama maegesho, masoko na vibali. Na hakuna kodi inayoweza kutozwa bila sheria. Kwa hiyo Rais anaweza kutaka, Waziri wa Fedha akaandika, lakini anayeinua mkono ni mbunge wako. Mswada wa Fedha hufikishwa bungeni kufikia 30 Aprili na huamuliwa kabla ya Juni kwisha. Katikati hapo kuna wiki za kukusanya maoni, ambapo mtu yeyote anaweza kuandika barua kwa Kamati ya Fedha hata kwa mkono.

Gavana na MCA nao wana Sheria yao ya Fedha ya kila mwaka. Nitasema ukweli: watu wanaojua kwa kichwa majina ya wabunge walioupigia kura mswada wa 2024 hawamjui MCA aliyepandisha ada ya kibanda chao. Vikao vya maoni vya kaunti huwa na viti vitupu, juisi na karatasi za kutia sahihi.

Kuna na mlango wa mahakama. Tozo ya nyumba ililetwa na Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama Kuu ikasema Novemba mwaka ule kwamba imevunja Katiba, kati ya sababu zake ikiwa kwamba iliwalenga wenye mishahara pekee. Serikali ikarudi Machi 2024 na sheria mpya ya nyumba inayowagusa wote. Walioshtaki walishinda kesi, tozo ikabaki. Mahakama hutazama kama kodi imewekwa kwa njia halali. Kama ni nzito kupita kiasi, hilo ni la Bunge na la kura.

Mswada wa 2024 ulianguka. Mbona maisha bado ghali?

Rais alikataa kuutia sahihi tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni. Mswada ule ulikusudiwa kukusanya shilingi bilioni 346. Pesa zile zilipokosekana, madeni hayakukosekana. Deni la taifa lilikuwa limevuka trilioni 10 tangu 2023. Mwezi ule ule wa Juni ndio uliokuwa umewadia wa kumaliza kulipa Eurobond, yaani mkopo wa soko la nje, ya dola bilioni 2 ya mwaka 2014, na sehemu kubwa yake ilikuwa imeshalipwa Februari kwa kukopa upya kwa riba ya zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo mswada ulianguka, lakini kodi za 2023 zilibaki pale pale, VAT ya mafuta ikiwemo. Mahakama ya Rufaa iliifuta sheria nzima ya 2023 mwezi Julai 2024, watu wakashangilia, kisha Mahakama ya Juu ikairudisha Oktoba.

Sasa tazama kalenda, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka kila mpiga kura atue kidogo. Tulipiga kura Machi 2013; Septemba mwaka ule sheria mpya ya VAT ikaanza na kuondoa misamaha ya bidhaa nyingi. Tukapiga kura 2017. Septemba 2018 mafuta yakatiwa VAT ya asilimia 16, kukawa na zogo, ikateremshwa hadi 8 kabla mwezi kwisha. Tukapiga kura 2022. Julai 2023 ikaja ile sheria tunayoijadili hadi leo. Mara tatu mfululizo. Mwaka wa kura bajeti huwa tamu, mwaka unaofuata huwa chungu. Bajeti ya Juni 2027 itasomwa miezi miwili kabla ya kura, basi msitarajie itawaudhi.

Wagombea wote wanasema "nitaleta kazi". Wanazitoa wapi?

Mombasa tuna somo letu wenyewe. Reli mpya ya SGR ilipoanza, na hasa mwaka 2019 serikali ilipoagiza makontena ya kwenda bara yapandishwe treni, kazi zilikauka hapa. Yadi za makontena zilipunguza watu. Madereva wa malori walikaa nyumbani. Ukienda njia ya Mariakani mpaka Mtito Andei ungekuta mikahawa iliyokuwa ikipika usiku kucha kwa ajili ya turnboi na madereva imefungwa, mama wa chapati hana mteja, fundi wa matairi analala mchana. Watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu.

Mwaka 2022 kurudisha shughuli za bandari kukawa ahadi kubwa ya kampeni Pwani, na siku ya kuapishwa kwake, 13 Septemba, Rais Ruto akatangaza kwamba utoaji wa mizigo unarudi Mombasa. Ahadi ikatimizwa kwa sentensi moja. Lakini ilitimia upesi kwa sababu kazi zile ziliondolewa kwa amri, na kilichoondolewa kwa amri hurudishwa kwa amri. Kiwanda hakiji hivyo. Hoteli ya ufuoni iliyofungwa haifunguki kwa tangazo.

Takwimu nyingine ya kuweka kichwani: ripoti ya uchumi ya KNBS, shirika la takwimu la taifa, ya mwaka 2025 ilihesabu ajira mpya 782,300 kwa mwaka 2024, na kati ya hizo kama 703,700 zilikuwa za jua kali. Yaani tisa katika kumi. Mtu akikuambia ametengeneza nafasi laki saba, hajasema uongo. Muulize tu ni ngapi zenye mkataba, NSSF na likizo. Kijana aliyekopa bodaboda anahesabiwa humo humo.

Hustler Fund ni msaada au mkopo?

Mkopo. Ilizinduliwa 30 Novemba 2022, ikianzia shilingi 500 mpaka 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Walioidhani shukrani ya kura bado wanadaiwa.

Na hizi kazi za Uarabuni na Ujerumani?

Zipo za kweli, na zipo za kuliza mama wa mtu. Kenya na Ujerumani zilitia sahihi makubaliano ya wafanyakazi Septemba 2024, lakini hayo hayampi mtu kazi. Yanafungua njia kwa mwenye ujuzi na lugha ya Kijerumani. Kwa Ghuba, kabla hujatoa shilingi au pasipoti yako, hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na mkataba uusome nyumbani, si kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Kisiasa, mimi huwa namsikiliza mgombea anayeanza na kazi za nje kwa shaka. Huyo amekiri kwamba za ndani hana.

SHA na SHIF ni kitu kimoja?

SHA ndiyo mamlaka, iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, kuanzia 1 Oktoba 2024. Chini yake kuna mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi: huo unalipiwa na serikali, na ndio unaokutibu bila malipo kwenye zahanati na vituo vya afya, mradi umejisajili. Wa pili ni SHIF, unaotokana na michango, unaolipia kulazwa na huduma za hospitali kubwa. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu, unaoingia pale wa SHIF unapofika kikomo.

Ubishi mwingi barazani huzaliwa hapa. Mmoja anasema "SHA ni bure, nilitibiwa homa juzi", mwingine anasema "SHA ni uongo, nilikataliwa kulazwa". Wote wawili wamesema kweli. Mmoja aliguswa na mfuko wa kwanza, mwingine alikuwa hajalipia wa pili.

Sina mshahara. Mbona nadaiwa mwaka mzima kwa mkupuo?

Swali hili ndilo linalowasha moto kuliko yote, na kwa haki.

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Kwa huyu, nasema bila kigugumizi, mfumo mpya una haki kuliko wa zamani. Wa elfu ishirini alikuwa akilipa NHIF 750, sasa analipa 550. Wa laki tano alikuwa akilipa 1,700 tu, sasa analipa 13,750. Mwenye nacho anabeba zaidi, na hivyo ndivyo bima ya jamii inavyopaswa kuwa.

Asiye na mshahara ndiye aliyeachwa njiani. Zamani alilipa NHIF 500 kwa mwezi, yeye na familia yake. Sasa anapiga *147# au anaingia mtandaoni, anaulizwa maswali kuhusu maisha ya nyumbani kwake, kisha mashine inakadiria kipato cha kaya na kumpa kiwango, kisichopungua 300 kwa mwezi. Na analipa mwaka mzima mbele.

Dereva mmoja wa tuktuk alifanya zoezi hilo mbele yetu, simu mkononi, sote tumemzunguka. Nyumba ina paa la nini? Ukuta wa nini? Choo kiko ndani au nje? Unapikia nini? Akajibu kwa uaminifu: mabati, matofali, ndani, gesi. Nyumba yenyewe ni ya kupanga, vyumba viwili. Jibu likaja 850 kwa mwezi, shilingi 10,200 kwa mwaka, zilipwe kwa pamoja. Akatutazama mmoja mmoja: "Kwani mimi nalipwa kwa mwaka? Mimi nalipwa kwa safari." Mzee mmoja akamtania kwamba angesema anapikia kuni. Hakucheka.

Serikali imeleta Lipa SHA Pole Pole, ambapo unakopeshwa mchango wa mwaka na kuulipa kidogo kidogo. Inasaidia. Lakini ni mkopo, na mtu aliyeshindwa kulipa 500 ya NHIF kwa mwezi hawi mlipaji mzuri wa mkopo kwa sababu tu umepewa jina la upole. Tanbihi kwa wanaotaka kujisajili: fanya hivyo hata kama huna pesa za mchango, kwa sababu ile huduma ya zahanati inahitaji usajili, haihitaji mchango.

Zahanati ya mtaa haina dawa. Nimshike nani?

Gavana. Afya imegatuliwa tangu 2013: zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, wauguzi wake na dawa zake ni za serikali ya kaunti. Hospitali za rufaa za kitaifa, sera na SHA yenyewe ni za Nairobi. Lakini mchezo unaochezwa ni huu: SHA ikichelewesha malipo, hospitali inakosa pesa za kununua dawa, gavana anasema ni SHA, SHA inasema hospitali haikuwasilisha madai vizuri. Mgonjwa anapewa karatasi akanunue nje. Ukimpata gavana jukwaani muulize SHA inadaiwa kiasi gani na hospitali za kaunti yake. Asipojua, umeshajibiwa.

Nimekimbiza mgonjwa mahututi usiku na hajalipia. Wanaweza kumkataa?

Hawawezi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na hakibagui hospitali ya serikali na ya binafsi. Kitaje kwa nambari yake. Nimeona lugha ya watu wa mapokezi ikibadilika mara tu nambari inapotajwa.

Kujifungua si bure tena?

Uzazi wa bure ulianza Juni 2013 katika hospitali za umma, ahadi ya kampeni ya mwaka ule, ukaja kuitwa Linda Mama. Katika SHA uzazi unalipiwa na SHIF, shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, lakini mama awe amejisajili na mchango umelipwa. Akina mama ndio waliotuletea swali hili, na walikuwa na jibu kabla yetu: mwambieni binti alipie mimba ikijulikana, asingoje uchungu. Huwa nawasikia wanaume wa baraza wakizungumza SHA kama siasa. Kwenye vikundi vya akina mama inazungumzwa kwa tarehe, risiti na jina la nesi wa zamu.

Kwa nini madaktari hugoma wakati wa siasa?

Madaktari waligoma Desemba 2016 hadi Machi 2017, wauguzi Juni hadi Novemba 2017, uchaguzi ukiwa katikati. Kwa hiyo ndiyo, wanajua lini serikali ina masikio. Lakini mgomo wa Machi hadi Mei 2024 haukuwa na uchaguzi wowote karibu. Ulihusu mkataba ule ule wa 2017 usiotekelezwa, na madaktari wanagenzi walioahidiwa laki mbili na zaidi kisha wakaambiwa kuna elfu sabini. Sioni vipi mtu atawalaumu kwa kushikilia karatasi iliyotiwa sahihi.

Mheshimiwa amekuja na "uwezeshaji", amegawa pesa na mitungi ya gesi. Tule?

Kumpa mpiga kura kitu ili apige kura fulani ni kosa, na kupokea pia ni kosa. Hilo ni la sheria. La hesabu ni hili: chukua kiasi alichogawa siku moja, linganisha na mshahara wake wa mwezi, kisha ujiulize nyingine zimetoka wapi. Watu wa baraza huwa hawachukui muda mrefu kupata jibu.

Tunajadiliana vipi bila kugombana?

Kwetu kuna masharti ambayo hayajaandikwa popote. Kabila la mtu halitajwi. Takwimu ikitajwa, mtajaji aseme ameisoma wapi, na "imetumwa kwenye grupu" haikubaliwi. Anayetukana hununua kahawa ya wote. Sharti hili la mwisho linafanya kazi kuliko mengine, hasa mwisho wa mwezi.

Nikimpata mgombea ana kwa ana, nimuulize nini?

Usimuulize atafanya nini. Kwa hilo atazungumza mpaka alfajiri. Muulize: "Mswada wenu wa kwanza wa Fedha, wa mwaka 2028, utapandisha nini na utapunguza nini?" Anayewania urais au ubunge hana njia ya kulikwepa. Akisema hatapandisha chochote na bado anaahidi bima ya bure, barabara na ajira kwa vijana, mwombe ataje kitu kimoja atakachokata: wizara gani, safari gani, mradi gani. Akisema ataziba mianya ya ufisadi, muulize ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ya mwaka uliopita ilisema nini kuhusu ofisi anayoshikilia sasa. Hizo ripoti ziko wazi kwa kila mtu.

Kwa gavana na MCA, uliza hayo hayo kwa Sheria ya Fedha ya kaunti na kwa dawa. Kwa seneta, uliza alifanya nini kuhusu mgao wa kaunti, maana hiyo ndiyo kazi yake. Na jibu lirekodiwe kwa simu, mbele ya watu, kwa adabu.

Nilijisajili kupiga kura Nairobi, sasa naishi Likoni. Nifanye nini?

Nenda na kitambulisho chako hadi ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneo bunge unalotaka kuhamia, ujaze fomu ya kuhamisha kituo. Si lazima urudi Nairobi. Usingoje Juni 2027, kwa sababu sheria inataka ombi liwe limefika angalau siku 90 kabla ya uchaguzi. Ukimaliza, hakikisha jina lako limehamia kweli kwenye daftari jipya daftari litakapofunguliwa kwa ukaguzi.